Sichomoi

Saa nne na dakika kama 40 usiku, Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, nimenyoosha mkono juu ya meza ya watu nisiowajua vizuri, kidole kimegusa kipande cha mbao cha pembeni, safu ya nne kutoka chini, na taa zote za nyumba zimezimwa isipokuwa moja ya jikoni. Mnara wa mchezo unapumua. Najua mbao haipumui, ila ule ulikuwa unapumua. Msimulizi wetu, jamaa ambaye mchana ni mhasibu na usiku ana sauti ya matangazo ya vifo redioni, akaniinamia akasema taratibu: nyuma ya mlango wa chumba cha injini kuna mtu anagonga. Ni mtoto. Anasema, dada, nifungulie.

Alisema kwa Kiingereza. Mi nilisikia Kiswahili.

Nikautoa mkono.

"Sichomoi," nikasema, na nilisema kwa Kiswahili kabisa mbele ya Wamarekani wanne, halafu ikabidi nijitafsirie mwenyewe kwa aibu.

Wiki sita zimepita na hiyo kitu haijanitoka. Nikiwa kwenye basi naiona. Nikiwa kazini, namgeuza mzee wa watu kitandani saa tisa usiku, naisikia. Kwahiyo naandika, labda nikimwaga hapa nitapata usingizi.

## Nilidhani ni Ludo

Halloween sitawaelezea, mshaiona kwenye simu zenu hadi mmechoka. Hapa Columbus, Ohio, wenyeji wana jina lao la ule usiku wa watoto kuzunguka na mifuko, wanauita usiku wa ombaomba, na mwaka wa kwanza niliposikia hivyo nikafunga mlango na kuzima taa maana sikuwa hata na biskuti.

Mwaka huu dada mmoja wa kazini akaniambia njoo kwetu, watoto wakishamaliza kuzunguka tunacheza mchezo wa kutisha. Mi kichwani nikawaza Ludo yenye picha za mafuvu. Nikakaanga sambusa, nikaenda.

Kumbe ni ile michezo ya mezani ya kuigiza, mnakaa mnatunga hadithi pamoja, kila mtu ana mhusika wake na mmoja wenu ndo msimulizi anayeshika dunia nzima kichwani. Wenye kuijua zaidi wanajua ile ya mazimwi na dadu za kila umbo. Hii ilikuwa ya kutisha na haina dadu hata moja. Inaitwa Dread, ya mwaka 2005, mtunzi wake ni Epidiah Ravachol. Badala ya dadu kuna mnara wa Jenga, ule wa vipande vya mbao. Mhusika wako akitaka kufanya kitu kigumu, kuruka, kuvunja mlango, kukimbia kiumbe, unachomoa kipande kimoja unakiweka juu. Ukifanikiwa, umefanikiwa. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako ametoka kwenye hadithi. Amekufa, amepotea, amechukuliwa, vyovyote, harudi.

Basi, sheria karibu zote ni hizo. Unaweza kukataa kuchomoa, hufi, ila ulichotaka hakitokei na msimulizi anakuletea bili. Na unaweza kuuangusha mnara makusudi, mhusika wako anakufa ila anakufa akiwa amefanya jambo kubwa.

Nimeshajaribu pia ule maarufu zaidi, Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, upo tangu 1981, ambapo akili za mhusika wako zinahesabiwa kwa pointi na zinapungua kadiri unavyoona mambo yasiyofaa kuonwa. Mzuri, una wapenzi dunia nzima, ila mi binafsi nikianza kutoa asilimia kwenye karatasi woga wote unaisha nakumbuka mtihani wa darasa la saba. Mnara hauna hesabu. Mnara una mkono wako tu na unavyotetemeka.

Halafu kuna kitu kilinichekesha pale mwanzoni. Wenzangu wanasema "Jenga" kama jina la mtu. Nikawauliza mnajua maana yake? Hawajui. Nikawaambia ni amri, ni mtu anakwambia jenga. Aliyeupeleka ule mchezo sokoni ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, Kiswahili anakijua. Familia yao walipokuwa Ghana walikuwa wakicheza na vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasulia mbao huko Takoradi, yeye akauleta kwenye maonesho ya michezo London mwaka 1983 akaupa jina la kwetu. Kwahiyo watu wamekaa gizani Ohio wanasubiri kitu kianguke waambiwe wamekufa, na kitu chenyewe kinaitwa jenga. Hawakuona raha ya utani huo kama nilivyoiona mimi.

## Swali la tisa

Kabla ya kuanza hupewi nguvu wala silaha, unapewa karatasi ya maswali. Na sio maswali ya jina na umri. Ni maswali yaliyokwishakuhukumu kabla hujajibu. Kwa nini uliacha kazi ya udaktari? Nini kimo kwenye begi ambacho mkeo hajui? Unajibu na ndo mhusika anazaliwa.

Hadithi yetu ilikuwa ya meli ya mizigo katikati ya Ziwa Erie, injini imezima, ukungu, tuko watano ila kila tukihesabiana tunapata sita. Mi nilikuwa fundi wa injini. Nikajibu maswali nane nikicheka cheka.

La tisa: Nani ulimtisha kwa mzaha mpaka ukajuta?

Nilikuwa na uwezo wa kutunga. Ningesema nahodha, ningesema paka. Nikaandika: mdogo wangu, alikuwa na miaka saba.

Msimulizi akasoma, akatikisa kichwa kama anayesoma risiti, akaiweka karatasi chini ya nyingine. Hakujua ni kweli. Kazi yake ni kuchukua ulichoandika na kukurudishia usiku ukishakolea, na alifanya kazi yake vizuri sana.

## Mwaka wa panga mlangoni

Wa pwani wenye umri wangu hamhitaji kuambiwa 1995. Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka wa popobawa, lile jini la usiku lenye bawa la popo. Ilianzia Pemba, ikashika Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi na moto umewashwa, na habari zikavuka bahari zikatufikia Tanga na kila aliyeshuka kwenye boti alikuwa na yake ya kuongeza. Sisi watoto tulikuwa hatuambiwi anafanya nini hasa. Tukimuuliza mama anasema nyamaza, kula. Hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa na miaka 11. Usiku mmoja umeme umekatika, mdogo wangu yuko chumbani peke yake, nikachukua khanga ya mama nikapanda kwenye ngazi ya dirishani, nikaipiga piga hewani ile sauti ya bawa, halafu nikagonga bati kwa mwiko.

Kelele aliyopiga yule mtoto sijaisikia tena mahali.

Baba akaja mbio, nikakimbilia jikoni, hakuna aliyenishika, hakuna aliyeniuliza. Mdogo wangu toka siku ile hajawahi kulala taa imezimwa. Ana miaka 37, ana mke na watoto wawili, taa inawaka. Mkewe analala kajifunika khanga usoni, analalamika kwa wifi zake ila kazoea. Na mi miaka 30 nikiwa naongea na yule kijana kwenye simu naona ile taa nyuma yake kwenye kamera nahisi kama kuna mtu anasoma jina langu kwenye orodha.

## Kadi katikati ya meza

Jambo lililonisumbua zaidi nilipotoka kule halikuwa mlango wala mtoto. Lilikuwa kadi.

Mezani palikuwa na kadi moja imechorwa X. Wachezaji wengi wanaitumia siku hizi, aliyeieneza ni John Stavropoulos. Hadithi ikifika mahali ambapo wewe huwezi, unaigusa. Kile kitu kinaondolewa, mnaendelea, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Nilipoelezewa mwanzoni nilicheka kimoyomoyo, nikasema hawa wazungu bana, hata kuogopa wanataka fomu.

Na nilipotoa mkono kwenye mnara sikuigusa ile kadi. Nilikataa kuchomoa, kitu ambacho ni ndani ya mchezo, na mlango haukufunguka, na mtoto akaacha kugonga. Msimulizi akasema: kimya. Akaendelea na mtu mwingine. Dakika kumi baadae mnara ukamwangukia yule dada aliyenialika, wote wakapiga kelele Jenga, wakacheka, mi nikaenda chooni nikakaa.

Sisi tulikua na hadithi za kutisha za kutosha. Bibi akianza paukwa, tunaitika pakawa, na hapo ushakubali kuingia. Kuna mizimu ya mapango ya Amboni, kuna yule mbwa aliyeingia pangoni akatokea mbali huko hata wasimuliaji wanabishana ni wapi, kuna mwanamke mwenye kwato barabarani. Ila bibi alikuwa na kipimo. Akiona mtoto kaanza kujikunyata anamgeuza yule jini anakuwa mjinga, anadondoka kisimani, tunacheka tunalala. Ile kadi ilikuwa machoni kwa bibi. Mi usiku ule kwenye ngazi sikuwa na macho ya bibi, nilikuwa na mwiko.

## Watu wa nyumbani hawakupenda

Nikaamua niandae mchezo wa kwetu, niucheze na watu ambao nikisema jini sihitaji kueleza. Nikawaambia kwenye grupu. Binti mmoja wa Mwanza akaniandikia pembeni, sio kwenye grupu, akasema dada samahani lakini mimi siji, kwetu vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao mekundu, na macho ni mekundu kwa moshi wa kupikia, na albino wamekatwa viungo watu wakitafuta utajiri, na wewe unataka tuugeuze gemu.

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninalo nusu tu. Mmarekani anaweza kumvaa mchawi kama fulana kwa sababu kwake yule mchawi alishastaafu zamani, wa kwetu bado yuko kazini na kuna watu wanazikwa kwa ajili yake. Nikamwambia hakutakuwa na mchawi, ni giza tu na vitu visivyo na jina. Akasema sawa, hakuja.

Wengine wanne walikuja. Shangazi alikuwepo, sio wa damu, ni shangazi wa mtaa, kila Mtanzania wa hapa ana mmoja.

## Mishumaa kumi na kengele moja

Nilichagua mwingine safari hii, Ten Candles, wa Stephen Dewey, wa 2015. Unawasha mishumaa midogo 10 na kuzima taa zote. Jua limezimika siku kadhaa nyuma, kuna vitu vimekuja na hilo giza, na nyie mnajaribu kufika mahali. Mkirusha dadu mkashindwa jambo, mshumaa mmoja unazimwa. Ukizimika kwa upepo pia umezimika, hauwashwi tena. Wa mwisho ukizimika wahusika wote wanakufa, na mnajua hivyo toka mwanzo.

"Sasa kama tunajua tunakufa tunacheza nini?" Shangazi.

"Kwani we hujui utakufa? Na ubwabwa si unakula."

Akakubali. Ila akaongeza kwamba amelipa nauli ya ndege kukimbia kukaa na mishumaa na sasa anaalikwa kukaa na mishumaa, na kwenye hilo nilikuwa sina utetezi.

Kuna kitu pale kilinigusa. Kila mshumaa ukizimika msimulizi anasema haya ni ya kweli: dunia ni giza. Kila mtu anaongeza ukweli wake mmoja mmoja, na mwisho wote kwa pamoja mnasema, na sisi tuko hai. Kwa Kiswahili ikawa na mdundo wa paukwa pakawa kabisa, watu wakaitika bila kufundishwa, na kadiri mishumaa inavyopungua ndo kauli za kweli zinapungua na ile "tuko hai" inazidi kuja haraka.

Shida ikaanzia kwenye kadi za tabia. Unaandika wema wako na kasoro yako, na dadu zikikukataa unaweza kuichoma kadi kwenye mshumaa ili urushe tena zile zilizotoka moja. Kuichoma kweli, kwa moto. Nimeweka bakuli la udongo, nimejiandaa, kitu ambacho sikujiandaa nacho ni kengele ya moshi ya apatimenti. Ikalia. Ikalia vile ambavyo jirani wa juu alianza kugonga sakafu. Shangazi, mtu wa vitendo, akavua khanga yake akasimama chini ya kengele akaanza kuipunga. Fap, fap, fap. Mishumaa mitatu ikazimika papo hapo.

Watu wakafa kwa kicheko. Na sheria ni sheria, mitatu imekwenda.

Kijana mmoja akasema, haya ni ya kweli, popobawa ameingia ndani ya nyumba.

Sijui niseme nini. Giza, sauti ya khanga, mtu anagonga bati, japo lilikuwa sakafu ya jirani. Mkono wangu ulikuwa juu ya kadi ya X kabla sijaamua. Mimi mwenye nyumba, mimi msimulizi, niliyeiweka pale nikiwaambia ni mambo ya kizungu tuiweke tu.

Kijana akasema, haya ni ya kweli, mvua imeanza kunyesha.

Hakuna aliyeuliza. Tukaendelea.

Nilitaka niishie hapa na sehemu ya mishumaa ila siwezi kuacha mwisho wake. Kabla ya kuanza kila mtu alirekodi kwenye simu ujumbe wa mwisho wa mhusika wake. Mshumaa wa mwisho ukizimika mnakaa gizani mnasikiliza. Za wengine zilikuwa maigizo, mtu analia kama kwenye bongo muvi. Ya Shangazi, ambaye mhusika wake alikuwa dereva wa lori, ilisema: ufunguo wa kabati uko chini ya mtungi wa nyuma, vitenge viwili ni vya Mwajuma, msigombane. Akasonya kidogo, akakata.

Korogwe kwake kuna kabati. Tumeshaliona kwenye picha.

Nani angewasha taa. Tulikaa mpaka Shangazi mwenyewe akasema mnanitolea macho ya nini na hamnioni.

## Kandambili

Jumapili asubuhi yangu, jioni yake, nikampigia mdogo wangu. Taa inawaka nyuma yake kama kawaida, hata giza lenyewe bado.

Nikazunguka sana. Hali ya watoto, bei ya vipuri dukani kwake, mvua. Mwisho nikamuuliza, unakumbuka ile ya popobawa?

"Ipi?"

"Mi na khanga ya mama. Dirishani."

Kimya. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kukosa pumzi.

"Dada, nilikuona miguu."

"Nini?"

"Ulikuwa umevaa kandambili, moja ya bluu moja nyekundu. Popobawa gani anavaa kandambili sizo? Nikapiga kelele makusudi ili Baba aje akukamate. Nilikuwa nataka uchapwe."

Nikabaki nimeshika simu. Nikamwambia sasa taa je, mbona toka siku ile hulali bila taa.

Hapo akaacha kucheka.

"Baba alikuja na panga," akasema. "We ulikuwa umeshakimbia jikoni, hukuona. Kasimama mlangoni kashika panga na linatetemeka. Baba, dada. Nikamwambia ni dada huyo, hakunisikia, anaangalia dari tu. Nikasema kumbe kweli kipo. Wakubwa wanakijua."

Mzee alishatangulia, hatuwezi kumuuliza aliona nini kwenye ile dari.

Nimelibeba lile jambo miaka 30 na kumbe nimebeba mzigo uliofungwa vibaya, na bado siwezi kuutua wote, maana bila mwiko wangu Baba asingeingia mle. Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, basi tugawane, nusu yako nusu ya Mzee. Hivi ndivyo anavyopangia bei wateja.

Halafu akauliza, huo mchezo wa mnara unachezwaje?

Nikamweleza. Akauliza vipande vingapi, nikasema 54, tatu tatu, ghorofa 18. Akaenda kwa fundi seremala wa jirani na duka lake, na juzi kanitumia picha: vipande vya mninga, mabaki ya kitanda cha mtu, vimepangwa juu ya kaunta kati ya plagi na breki za pikipiki, na mnara wenyewe umeegemea kushoto. Fundi anaomba radhi, kaandika chini, amejitahidi ila havilingani, vingine vimebana vingine vinacheza.

Nikamwandikia vikilingana vyote mchezo haupo, unatafuta kile kinachocheza.

Jumamosi tunajaribu kwa kamera, mimi na mnara wangu, yeye na wake, mkewe anataka naye awemo. Hadithi itakuwa ya watu wanne ndani ya Amboni na tochi moja. Nimeshamtumia maswali yake, yako matano. Amejibu manne.